Watoto Ambao Sikuwataja Kliniki

Naandika haya kwa ajili ya mtu anayekohoa mwezi wa pili sasa, na kila akiulizwa anasema ni vumbi. Mimi nilikuwa mtu huyo. Leo nimemaliza dawa na nimepona, lakini kabla ya kupona nilifanya jambo ambalo bado linaniuma, na ni hilo hasa nataka ulisikie. Habari za vijidudu na namna vinavyoingia mwilini utaelezwa na wataalamu. Mimi nitasimulia yaliyonipata, na yaliyowapata watu niliowaweka hatarini.

Naitwa Naomi. Ni fundi cherehani mjini Singida. Cherehani yangu ipo barazani kwenye duka la vitambaa la Mama Zarina, mama wa Kihindi ambaye ukoo wake umeuza vitambaa mtaa ule tangu enzi za babu yake. Mume wangu Elia ni fundi ujenzi. Binti yetu Tumaini ana miaka tisa. Tunaishi na mama mkwe wangu, ambaye alihama Ilongero na kuja kwetu baada ya kufiwa na mumewe.

Kikohozi kilinianza mvua zikiwa zinakatika. Mwanzoni kilikuwa kikavu, cha kusumbua tu, halafu kikaanza kuja na makohozi. Sketi zangu zikaanza kunilegea kiunoni, nikazipunguza mwenyewe kwa mashine yangu. Nililoa jasho usingizini wakati watu wengine wanajifunika blanketi mbili. Mama Zarina aliniambia mara tatu, "Fundi, nenda hospitali." Mara zote tatu nilimwambia nitaenda.

Sikwenda kwa sababu ya safari. Kanisa letu lilikuwa limepanga huduma ya wiki tatu katika kituo cha kulea watoto nje kidogo ya Nduguti, likizo ya Juni. Tulichaguliwa watu wanane. Wengine walikuwa wapake rangi mabweni, wengine wafundishe watoto nyimbo na Neno, na mimi nilitakiwa kushona sare mpya za watoto wote. Nilikuwa nimeiombea nafasi ile miaka miwili. Nilijua nikisema naumwa nitaachwa, na mahali pangu atawekwa mtu mwingine. Kwa hiyo nilinunua asali na tangawizi, nikanyamaza, nikapanda gari na wenzangu.

Kituo kilikuwa na watoto ishirini na sita. Mlezi mkuu alikuwa Mama Ester, mjane wa miaka kama hamsini na tano, mtu wa maneno machache. Tulipofika tulimwamkia, akaitikia, akatuonyesha vyumba, na nusu saa haikupita kila mmoja wetu alikuwa na kazi mkononi. Mimi alinipa chumba cha watoto wadogo, kwa sababu ndicho chenye meza pana na mwanga mzuri. Upepo wa Juni ulikuwa mkali na baridi, hivyo madirisha yalifungwa tangu asubuhi. Nilishona humo kila siku, wiki tatu, watoto wakicheza miguuni pangu.

Mmoja wao aliitwa Wema. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili na alikuwa bado hajatembea. Mama yake alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Siku ya pili alitambaa hadi kwenye pedeli ya cherehani, akashika gauni langu, akainua mikono. Tangu siku hiyo nilishona naye mapajani. Akilala, alilala kifuani pangu, uso wake chini ya kidevu changu. Nilikuwa nikikohoa nageuza kichwa pembeni, basi. Niliona hiyo inatosha.

Mama Ester aliniuliza mara moja tu. Alikuwa anakunja nguo, mimi napima mtoto mabega.

"Dada Naomi, hicho kikohozi vipi?"

"Ni vumbi la njiani, mama. Kinaisha."

Alinitazama kidogo, akaendelea kukunja nguo. Aliniamini. Kwa nini asiniamini, nilikuwa nimekuja na Biblia na sare.

Tulirudi Singida mwanzoni mwa Julai. Siku ya tano nilikuwa barazani nafanya kazi ya kawaida, nikakohoa kwenye kitambaa changu cha mkononi, na nilipokitoa mdomoni kilikuwa na damu. Haikuwa tone. Mama Zarina alikuwa amesimama mlangoni akimpimia mteja kitenge. Alimrudishia mteja yule pesa yake, akafunga duka saa nne asubuhi, akasimamisha bajaji. Njia nzima alishikilia pochi yangu na wala hakusema, "Nilikwambia."

Kliniki ya kifua kikuu hospitalini ina benchi lake nje, mbali na mengine, chini ya paa la bati. Wanaopita kwenda idara nyingine wanakutazama, halafu wanaangalia pembeni. Nilipewa kikopo cha makohozi, nikaelekezwa nikakohoe nyuma ya jengo, kwenye upepo. Nikafanyiwa vipimo vingine, nikapigwa picha ya kifua, nikarudi kwenye benchi. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa anasubiri na redio ndogo sikioni. Mchana ulipopita kidogo, nesi aliyevaa barakoa alitoka mlangoni na kuita jina langu.

Ndiye Sista Halima, ambaye nilimwona kila wiki kwa muda mrefu baada ya hapo. Aliniambia nina kifua kikuu, na kwamba kinatibika. Dawa ni miezi sita, bure, lakini sitakiwi kuruka hata siku moja. Virusi vya Ukimwi sina. Akachukua kalamu, akafungua daftari.

"Umekaa na akina nani kwa karibu miezi hii mitatu? Nyumba moja, chumba kimoja. Tunataka wote waje kupimwa."

"Mume wangu," nikasema. "Mtoto wangu mmoja. Na mama mkwe."

"Wengine?"

Nakumbuka alisubiri. Kalamu yake ilikuwa bado ipo juu ya karatasi.

"Basi, sista. Ni hao."

Sikupanga kumdanganya. Mdomo ulijibu kabla yangu. Nikiwaza watoto wale niliona sura ya Mama Ester, nikaona kanisa zima, nikaona jinsi nitakavyoitwa mtu aliyepeleka ugonjwa kwa mayatima huku akiimba. Nikachukua pakiti yangu ya vidonge, nikatoka.

Elia alirudi kazini jioni akiwa na saruji kwenye nywele. Nilimweleza ukweli kuhusu ugonjwa. Alikaa kitandani bila kuvua viatu.

"Uliniambia ni vumbi," akasema.

"Nilijua nitapona."

"Naomi, miezi mitatu unakohoa, na umelala na mtoto wangu chumba kimoja."

Alikuwa anasema kweli. Mwezi wa Mei Tumaini alikuwa na malaria na nilimlaza kwetu. Elia hakupaza sauti. Alihamisha godoro lake sebuleni, akafungua madirisha yote ya chumba changu, akaenda kuoga. Mama mkwe wangu alinitengea sahani, kikombe na kijiko changu, akaviweka kwenye beseni peke yake kando ya mlango. Walipoketi kula, mimi nilikuwa uani.

Asubuhi yake Elia aliwapeleka Tumaini na mama mkwe wangu kliniki. Mimi nilikaa mbali kidogo, ukutani, na barakoa yangu, nawatazama kwenye benchi lile lile nililokalia jana. Tumaini alikuwa amevaa sweta la shule. Sista Halima alimpima uzito, akamsikiliza kifua, akampeleka kupigwa picha. Ilichukua asubuhi nzima. Elia alikuwa na mkono mmoja begani kwa mtoto na hakuuondoa. Saa saba wakaambiwa wote watatu hawana ugonjwa, na Tumaini akaandikiwa dawa za kinga.

Elia aliinamisha kichwa akafuta macho kwa kiganja. Mimi nilitakiwa kufurahi. Nilifurahi, lakini niliona pia waziwazi kitu kilichotokea. Mtoto wangu alikuwa amepimwa siku moja tu baada ya mimi kumtaja. Wema hakuna aliyempima, kwa sababu sikumtaja.

Hata hivyo siku hiyo sikusema. Jioni alikuja Mwinjilisti Daudi, aliyekuwa ametuongoza kwenye huduma. Alikuwa amesikia kwa Elia. Alikaa uani kwenye kiti, akaomba na mimi, na baada ya amina nikamuuliza kuhusu watoto.

"Kituo kile kinaishi kwa jina zuri, dada," akasema taratibu. "Wageni wakisikia kuna kifua kikuu hawatakwenda tena. Tusubiri kwanza. Wewe meza dawa, tuwaweke watoto mikononi mwa Bwana."

Alikuwa na nia njema, na bado naamini hivyo. Kilichonitisha ni kwamba nilipomsikia nilishusha pumzi. Nilikuwa nimepata mtu wa kunisaidia kunyamaza.

Siku iliyofuata nilishindwa kumeza uji. Vidonge vilinichefua, mkojo ulikuwa na rangi ya chungwa kama nilivyoelezwa, magoti yaliuma. Nilijaribu kuomba na kila nilipoanza nilihisi uzito wa yule mtoto kifuani, pale pale alipokuwa analala. Nikavaa, nikaenda kliniki bila kuwa na miadi. Nilikaa benchi hadi wagonjwa wote walipokwisha.

"Sista," nikasema, "juzi uliniuliza kama kuna wengine. Wapo. Ni watoto ishirini na sita."

Nilimweleza yote, chumba, madirisha, wiki tatu, mtoto wa mapajani. Alisikiliza akiandika. Nilingoja anigombeze. Alipomaliza aliweka kalamu chini.

"Nitawasiliana na wenzetu wa wilaya ya Mkalama, kule Nduguti, leo hii, wataenda pale. Lakini yule mama mlezi mpigie wewe kwanza. Asisikie kwa watu wa hospitali. Piga hapa hapa, nipo."

Nilipiga. Niliposikia sauti ya Mama Ester, nyuma yake kulikuwa na watoto wanacheka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Naomi. Mlifika salama? Sare zimewapendeza, hata Jumapili walizivaa."

Nikamwambia. Niliyasema haraka, bila kupumzika, kwamba nina kifua kikuu, kwamba nilikuwa nacho nilipokuja kwake, kwamba kile kikohozi hakikuwa vumbi na moyoni nilijua hakikuwa vumbi. Kwamba Wema ndiye niliyemshika zaidi.

"Umejua lini?" akauliza.

"Juzi, mama."

"Juzi."

"Ndiyo."

"Wema hanywi uji tangu Jumatatu," akasema. "Nilidhani ni meno." Kisha akasema, "Mpe simu huyo nesi."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kuzungumza nami kwa zaidi ya mwezi.

Watoto wote na walezi walipimwa ndani ya siku mbili. Habari zilinifikia kupitia Sista Halima. Ishirini na watano walikuwa wazima, wakaanzishiwa dawa za kinga. Mmoja alilazwa. Sikuuliza ni nani; nilijua.

Siku kumi zilizofuata ndizo ngumu kuliko zote nilizoishi. Sikuruhusiwa kwenda Nduguti, maana nilikuwa bado naweza kuambukiza. Nilikaa uani nikipigwa na upepo, karibu na maua ya alizeti yaliyoanikwa, na simu mapajani. Wema alikuwa kwenye oksijeni. Mapafu yalikuwa mabaya na mwili haukuwa na akiba. Siku ya nne Sista Halima aliniambia hali haijabadilika. Siku ya sita akasema daktari ana wasiwasi. Nilianza kupanga maneno ya msiba kichwani, kisha nikajichukia kwa kuyapanga.

Ni katika siku hizo mama mkwe wangu alibadilika. Kliniki walitaka mtu wa nyumbani wa kunisimamia nikimeza dawa, na Elia alikuwa anatoka alfajiri. Mama alijitolea, sidhani kwa kunipenda, ila kwa sababu hapendi kazi ifanywe nusu. Kila asubuhi alikuja uani na maji, akasimama hadi vidonge vyote vimepita kooni. Siku ya sita nilimwambia sina haja ya kumeza, bora niende mimi na mtoto yule abaki. Aliweka kikombe chini.

"Mama Tumaini, nilizika watoto wawili Ilongero," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyerudi kwa sababu mimi niligoma kula. Meza."

Nikameza. Kesho yake alikuja na viti viwili, akaketi kula uji pamoja nami. Sahani zangu alizirudisha kwenye kabati la wote bila kutangaza.

Siku ya kumi Wema alitolewa oksijeni.

Mtaalamu mmoja aliniambia baadaye kwamba haijulikani aliupata wapi ugonjwa. Mama yake mzazi alikufa baada ya kukohoa muda mrefu, na kadi ya kliniki ilionyesha mtoto hakuwa ameongezeka uzito tangu kabla ya sisi kufika. Huenda alikuwa nao tayari. Huenda nilimpa mimi. Kuna siku nilitamani sana kushika upande mmoja, hata ule mbaya, nipumzike kuwaza. Haiwezekani. Ninachokijua ni kwamba kama ningekaa kimya wiki mbili zaidi, angekufa wakidhani ni meno.

Miezi ilikwenda. Baada ya wiki kadhaa niliruhusiwa kukaa na watu, lakini watu hawakuwa tayari kukaa na mimi. Kanisani benchi langu lilikuwa na nafasi pande zote mbili. Wateja walipita barazani wakatoa kazi zao kwa fundi wa jirani. Nilimwambia Mama Zarina nitaondoa cherehani, nisimharibie duka. Akanijibu anaandaa mapazia ya nyumba yake yote na ya dada zake wawili na hana fundi mwingine. Nilishona mapazia hadi Oktoba. Sidhani nyumba zile zina madirisha mengi hivyo.

Kikundi cha wageni kilichokuwa kiende Nduguti mwezi wa tisa kiliahirisha. Mwinjilisti Daudi alikuwa sahihi kwenye hilo. Tunasalimiana, lakini hatujawahi kuzungumza tena habari za siku ile.

Mwili ulirudi polepole. Mwezi wa pili wa dawa makohozi yalipimwa, hayana kitu. Magoti yaliacha kuuma. Joto la Oktoba lilipokuja nilikuwa na njaa ya ajabu, nakula ugali wa uwele na mlenda sahani mbili na kuangalia chungu. Elia alirudisha godoro chumbani siku ya Jumapili mchana, mbele ya mama yake, kama mtu anayehamisha fenicha tu. Tulicheka wote watatu. Lakini kuna maswali bado ananiuliza kwa namna ambayo hakuwa anauliza zamani. Nikisema kichwa kinauma kidogo, anataka kujua kidogo ni kiasi gani. Imani ya mtu ukiivunja hairudi kwa vidonge vya miezi sita.

Mama Ester alinipigia mwanzoni mwa Septemba. Hakunisalimia sana. Alisema Wema ameongezeka kilo moja, dawa zake zinayeyushwa kwenye maji na anazipenda, tena analilia kuramba kijiko. Tangu hapo alipiga mara moja kila mwezi, dakika mbili, uzito na chakula, basi. Niliishi kwa dakika hizo.

Mvua zilikuja Desemba. Katikati ya Januari Sista Halima aliandika kwenye kadi yangu kwamba nimemaliza na nimepona, akanipa mkono. Siku chache baadaye, Wema naye alipomaliza dawa zake, nilimpigia Mama Ester nikamwomba ruhusa ya kwenda. Alisema, "Njoo."

Nilikwenda peke yangu, bila kanisa. Mashamba yalikuwa kijani njia nzima. Nilifika saa sita, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa Mama Ester, amesimama kwenye mlango wa chumba cha wadogo. Madirisha nyuma yake yalikuwa wazi yote. Nilipiga goti nikamwamkia, nikaanza maneno niliyoyatayarisha kwenye basi, jinsi nilivyokosea na jinsi ninavyomwomba msamaha. Aliniacha niyaseme hadi mwisho.

"Nilikasirika sana," akasema. "Na mimi nilisikia kile kikohozi. Nilikisikia wiki tatu na sikukuuliza tena, kwa sababu nilitaka sare." Akasogea kando ya mlango. "Ingia."

Wema alikuwa anatembea. Alikuwa mnene, amejaa mashavu, anavuta kiti cha plastiki sakafuni kwa kelele. Niliita jina lake na kunyoosha mikono. Alinitazama, uso ukakunjamana, akalia kwa nguvu na kukimbilia nyuma ya gauni la Mama Ester. Hakuwa ananijua kabisa.

Nikarudi nyuma hadi mlangoni. Niliona nimepata nilichostahili.

"Unakwenda wapi?" Mama Ester akauliza. "Watoto wanachukua muda kumzoea mtu. Kaa chini."

Nikaketi sakafuni, mgongo ukutani, nikanyoosha miguu, nikamngoja.